Jivu la Hopa ya Tatu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nawaambia mimi ni fundi wa moshi. Wengi hucheka. Nawaacha wacheke, kwa sababu kueleza kunachosha na mimi si mtu wa subira.

Kiwanda ninachofanyia kazi kiko nje kidogo ya mji wa Bungoma, na kina stesheni yake ndogo ya kuzalisha umeme: boila mbili na mtambo mmoja wa mvuke. Wenzangu wa umeme huvaa kofia nyeupe na kuwatembeza wageni. Mimi niko nyuma, kwenye jumba refu la mabati ambalo moshi hupitia kabla ya kufika kwenye chimni. Humo ndani mna mamia ya mifuko mirefu ya kitambaa kizito, imening'inia kama suruali kwenye kamba, na ndani ya kila mfuko kuna kizimba cha waya cha kuuzuia usijikunje. Moshi huja mchafu, hupenya kitambaa, na vumbi hubaki limeganda nje ya mfuko. Kila baada ya dakika chache hewa ya kompresa huupiga mfuko kishindo, vumbi likaanguka chini kwenye faneli kubwa ya chuma tunayoiita hopa. Hopa ziko sita. Kazi yangu ni kuangalia mifuko isitoboke, vizimba visiliwe na kutu na hopa zisizibe. Nikifanya kazi vizuri hakuna anayenikumbuka, kwa maana chimni haitoi kitu cha kuonekana. Siku masizi yakimwangukia mama fulani kwenye nguo alizoanika, hapo ndipo nitaitwa ofisini.

Nilikuja Bungoma miaka kumi na mmoja iliyopita na begi moja, na nikisema kweli, sijaongeza mabegi mengi. Nimepanga chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, Mbukusu, mwenye mdomo na moyo wa saizi moja. Nilikuwa na mchumba zamani. Alichoka kungoja likizo zangu akaoa mwalimu wa karibu na kwao, na sikumlaumu sana. Kazini ni wanaume watupu. Hawanisumbui, lakini pia hawaniiti wakienda kunywa chai. Nikitoka shifti naoga mara mbili, maji ya kwanza yakitoka meusi, halafu napika ugali wa mtu mmoja, ambao ni ugali mgumu kuupima kuliko ugali wa watu kumi. Nilikuwa nakula nimesimama karibu na dirisha. Kwa miaka mingi hali hiyo niliiita utulivu. Mtu akiniuliza kama siogopi kukaa peke yangu, nilikuwa namjibu kwa ukali unaotosha asiulize tena.

Kwetu ni upande wa Kitale, ukishapita mji mdogo wa Kwanza. Babu na nyanya walitoka mkoa wa kati wakaja kununua shamba huko, na baba yangu akazaliwa akikuta mahindi yameshapandwa. Ndugu zangu wawili wako ng'ambo, hupiga simu Krismasi. Mimi niliitwa jina la mama yake baba, na kwa desturi yetu hilo si jambo la mchezo: tangu nikiwa mtoto wa kunyonya baba aliniita "mama", kwa heshima kabisa, na alipotaka kunichapa ilibidi kwanza aombe radhi. Tulikuwa tukicheka sana kwa ajili hiyo, mama yangu mzazi akiwa hai. Alipofariki kicheko hicho kilikwisha, na mimi na baba tukabaki kama watu wawili waliosahau walikuwa wanazungumza nini.

Mama alifariki kwa ini. Daktari hakusema ini liliharibiwa na nini. Baba ndiye aliyesema. Kila mwaka baada ya kuvuna, mama ndiye aliyekuwa akichanganya mahindi na dawa ya unga ya kuua fukusi, kwa mikono yake mitupu, kwa kuwa glavu zilikuwa zinamfanya ajione kama daktari wa ng'ombe. Baada ya mazishi baba alichukua mikebe yote ya dawa akaizika nyuma ya choo, na akaapa kwamba dawa haitaingia tena kwenye stoo yake. Fukusi walifurahi. Mwaka uliofuata mahindi yake yalikuwa na matundu kiasi kwamba ukiyamimina yalitoa vumbi kuliko mtambo wangu.

Hapo ndipo mimi nilipopata kitu cha kumpa baba yangu.

Wazee wetu walihifadhi nafaka kwa jivu. Jivu laini likichanganywa na mahindi makavu humkausha fukusi, na huwa hapiti katikati ya punje. Shida ni kwamba mtu mwenye ekari za mahindi hawezi kupata jivu la kutosha jikoni, tena la jikoni huwa na mawe na makaa. La kwangu lilikuwa laini kuliko unga wa ngano. Wakati huo boila zote mbili zilikuwa zinachoma makapi ya miwa, magogo ya mikaratusi, na magunzi ya mahindi ambayo malori yalitoa Naitiri na Moi's Bridge. Jivu lake lilikuwa takataka. Watu wa kijijini walichukua la kumwaga chooni na shambani na geti halikuwa na neno. Nilijaza magunia, nikapanda lori la magunzi lililokuwa linarudi tupu, nikamfikishia baba. Alitia mkono ndani ya gunia, akasugua vidole, akanusa. Mahindi ya mwaka ule yalikaa hadi mvua za mwaka uliofuata bila tundu.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika kati yetu. Baba alianza kunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Hakuuliza habari za kazi yangu. Mpaka leo sidhani alikuwa anaelewa ninachofanya. Aliwaambia majirani kwamba msichana wake anapanguza masizi kwenye kampuni. Tulizungumza kuhusu jivu. Alisema, "Mama, hiyo jivu yako ni ya maana kabisa. Nimefungua gunia leo. Hakuna mdudu hata moja." Mimi nilisimama dirishani na simu sikioni, nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nimepata cha kushika mkononi. Nilijua ni jambo dogo, lakini nilikuwa nalisubiri wiki nzima.

Halafu miwa ikapungua. Wakulima walichoka kulipwa kwa ahadi, wakang'oa miwa na kupanda mahindi, na magogo nayo yakawa haba. Kiwanda kiliamua kwamba boila ya pili itachoma makaa ya mawe, yanayoletwa kwa malori kutoka bandarini. Boila ya kwanza ingeendelea na magunzi na magogo. Makaa ya mawe yalipofika yalimwagwa uani, meusi ya kung'aa, na wafanyakazi walienda kuyashika kana kwamba ni mnyama mgeni.

Mimi sikuyashangilia. Makaa ya mawe si kuni nyeusi. Yamekaa ardhini na kila kilichokuwa huko chini, na hubeba kiberiti, risasi, zebaki na aseniki. Moto hauviui vitu hivyo. Kiberiti huenda na moshi, na moshi ukipoa hugeuka asidi inayotafuna chuma. Vingine vingi huishia kwenye vumbi, yaani kwenye hopa zangu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema moshi wa boila zile mbili usichanganywe. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Wakakubali, labda ili niketi chini. Moshi wa kuni ungeenda hopa ya kwanza hadi ya tatu, wa makaa ya mawe ungeenda ya nne hadi ya sita, na katikati ya bomba kuu kulikuwa na kilango cha bamba la chuma cha kuzitenganisha pande mbili. Kilango hicho hufungwa kwa mpini ulio nje. Mpini ukilala, kimefungwa. Ukisimama, kiko wazi.

Kila Jumatatu nilipita hapo na kijitabu changu. Mpini umelala. Nilitia sahihi.

Novemba hiyo baba alivuna. Nilimpelekea magunia mawili kutoka hopa ya tatu. Nilichagua ya tatu kwa sababu iko mwisho wa upande wa kuni, mbali na boila, na vumbi lake ndilo laini kuliko yote. Nilimchagulia lililo bora.

Ishara zilikuwepo. Nasema hivi kwa sababu hasira niliyo nayo ni juu yangu mwenyewe, na sitaki mtu aniondolee. Kufikia Januari, vizimba vya waya juu ya hopa ya tatu vilianza kuwa na kutu ya rangi ya manjano, laini, ambayo ukiigusa inabaki kidoleni. Mifuko ya sehemu ile ilianza kuwa migumu na kupasuka kwenye mishono. Kulikuwa na harufu, kama njiti ya kibiriti iliyozimwa sasa hivi. Nilipima unene wa bomba kwa kifaa changu kinachopima chuma kwa mawimbi ya sauti, nikakuta chuma kimekuwa chembamba. Na nikafanya nini? Niliandika ripoti. Ripoti nzuri sana, yenye picha. Nilipendekeza mifuko ya kitambaa kinachovumilia asidi na vizimba vya chuma kisichoshika kutu. Niliwaza kuhusu kitambaa, nikawaza kuhusu chuma, nikasema pengine magogo yale yalikuwa mabichi, moshi ukawa na maji mengi. Haikunipitikia hata mara moja kujiuliza kwamba kama chuma kinaliwa, vumbi lenyewe ni la nini.

Aliyeniambia ni mama mwenye nyumba, na alitumia ulimi.

Ilikuwa Machi, jua kali, mvua bado. Waliokulia Bungoma wanajua munyu wa kienyeji: unatoboa kopo chini, unajaza jivu la maganda ya maharagwe, unamwagia maji juu, na yale yanayodondoka taratibu, ya rangi ya chai, ndiyo unayopikia mrenda au kunde zikalainika. Maganda yake yalikuwa yamekwisha. Akaniambia, "Injinia, si huko kwenu iko jivu mingi ya magunzi? Reta kidogo hata mimi nionje maendereo." Nikamletea mkebe mmoja wa hopa ya tatu, nikijivuna. Nilimwambia baba yangu ndilo analotumia.

Alichovya kidole, akakilamba. Akangoja. Akalamba tena, halafu akatema mate kando ya mlango.

"Hii si jivu," alisema.

"Ni jivu, mama. Nimelitoa mwenyewe."

"Ati jivu! Jivu ya kuni inauma urimi. Hii imelala tu hapa kama mchanga. Haina chumvi. Harafu inanuka kibiriti." Akanirudishia mkebe. "Hii mtu asitie kwa chakura, bana."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba nimesomea mambo hayo miaka minne na kwamba sisi hatupimi vitu kwa ulimi. Aliniangalia bila kukasirika, akaingia jikoni kwake kupika mrenda kwa magadi ya dukani. Nilibaki nimesimama uani na mkebe. Nikachovya kidole changu mwenyewe. Jivu la kuni nalijua tangu utotoni, tulipigia mswaki. Lile halikuuma.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya zamu. Ilikuwa siku ya kuzima boila ya pili kwa usafi wa kila mwezi; nilingoja izimwe, nikamwomba fundi wa kuchomelea anifungulie mlango wa ukaguzi kwenye bomba kuu. Niliingiza kichwa na tochi. Mahali palipotakiwa kuwa na bamba la chuma palikuwa na fito tupu na vipande viwili vilivyoning'inia kingoni, vyembamba kama jani kavu la mhindi. Asidi ilikuwa imelila lote. Huko nje mpini ulikuwa umelala vizuri kabisa, kama nilivyouandika kila Jumatatu. Fundi alinishika mkono akidhani nimeingiwa na gesi. Na kwa kuwa feni ya kuvuta moshi upande wa kuni ilikuwa na nguvu zaidi, moshi wa makaa ya mawe ulikuwa unavutwa moja kwa moja kwenye hopa iliyo karibu na kile kilango, yaani ya tatu.

Nilikaa chini juu ya ngazi ya chuma. Nilichokiona si bomba. Niliiona stoo ya baba, na baba mwenyewe akipiga magoti, akichanganya lile vumbi na mahindi yake kwa mikono, kwa sababu nilikuwa nimemwambia ni salama. Alikataa dawa ili asifuate njia ya mama. Na mimi, bintiye, ambaye ananiita mama, nikamletea kitu kibaya zaidi ndani ya gunia, na akanishukuru kila Jumapili kwa miezi minne.

Meneja wa mitambo alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Si mtu mbaya. Kuhusu kilango alichukua hatua siku hiyohiyo. Upande wote wa makaa ya mawe ulisimamishwa na bamba jipya, nene, likaagizwa. Kuhusu baba yangu alijikuna shingo. "Nani alikutuma upeleke nyumbani, lakini?" Kisha, kwa upole, "Tutatuma sampuli Nairobi. Majibu yakuje kwanza. Usiende kumtisha mzee wa watu bure, si unajua presha."

Nikasema sawa. Na nitakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilikuwa nimepewa sababu ya kunyamaza na mtu mwenye cheo, na niliishika kwa mikono miwili.

Jumapili ya kwanza baba alipiga simu. Alisema mahindi yako sawa. Nikamwambia vizuri. Nilimwambia ayaoshe sana kabla ya kupika, akasema tangu lini mtu akala mahindi bila kuosha. Jumapili ya pili nilimwuliza kama anajisikia vizuri, kama tumbo halimsumbui, akacheka, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa daktari. Kila nikikata simu nilikuwa nakaa kitandani nikihesabu vyakula: githeri mchana, ugali jioni, uji asubuhi. Mahindi, mahindi, mahindi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hata kama ungeambiwa, sikuwa na wa kuniambia. Sikuweza kumweleza mama mwenye nyumba, kwa sababu nilikuwa nimemtukana. Kazini walikuwa wananikwepa. Ile sahihi yangu ya kila Jumatatu ilikuwa imezungumzwa kantini. Majibu ya Nairobi hayakuja.

Nilichoogopa nilikijua. Sikuogopa tu kwamba baba ataugua. Niliogopa kwamba nikimwambia, simu ya Jumapili itakoma. Ni aibu kuandika hivyo. Mtu anakula sumu, pengine, na mwanawe anahesabu simu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana wiki zilipita.

Jumapili ya tatu alisema, "Mama, nimekuekea gunia moja. Ile safi kabisa. Nimetia jivu mingi kushinda hizo zingine, sababu ni yako. Pasaka ukuje uchukue, uwache kununua unga ya duka huko."

Nilimwambia nakuja Jumamosi.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Mashamba yalikuwa yameshalimwa, udongo mwekundu umegeuzwa, watu wakitazama mbinguni. Baba alikuwa mbele ya stoo, ameketi kwenye benchi, akichagua mbegu. Alisimama akanisalimu kwa mikono miwili, akaangalia nyuma yangu.

"Hujakuja na kitu?"

"Sijakuja na kitu, baba."

"Haidhuru. Ingia ukunywe chai."

Nikamwambia nitakunywa baadaye. Nilijua nikiingia ndani, nikikaa kwenye kiti cha mama na kikombe mkononi, sitasema. Kwa hiyo nikasema nikiwa nimesimama pale juani. Nilimweleza makaa ya mawe ni nini. Nilimweleza kilango, na bamba lililoliwa, na mpini uliokuwa umelala. Nilimweleza kilichomo kwenye lile vumbi, nikataja kila kimoja, na nikamwambia sijui kimeingia kiasi gani kwenye mahindi wala kiasi gani mwilini mwake, kwa kuwa majibu hayajaja. Nikamwambia nilijua kwa wiki tatu na sikusema. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Baba alikuwa na punje mkononi, anazigeuzageuza.

"Wewe uliangalia mkono ya hiyo mlango," alisema mwishowe. "Hukuangalia ndani."

"Sikuangalia ndani."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, baba."

Akaketi. Nilingoja anipe yote niliyostahili. Nilikuwa nimeyatunga mwenyewe njiani, maneno yake yote, na mengine yalikuwa makali kuliko ambavyo yeye angeweza. Alitazama mlango wa stoo. Tai alipita juu ya shamba, kuku wakakimbia, wakarudi.

"Ile dawa ya mama yako," alisema, "ni mimi nilinunua. Ilikuwa ya bei rahisi, haina hata karatasi ya maneno. Yeye aliniuliza kama iko sawa. Nikamwambia iko sawa, changanya." Alizirudisha punje ndani ya ungo, moja moja. "Sikuwa najua. Na nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo. Ilikuwa miaka tisa tangu tumzike, na alikuwa amekaa nayo peke yake katika nyumba ile, kama mimi nilivyokaa na yangu huko Bungoma. Niliweza tu kusema kwamba tutayatoa mahindi yote, na asiyaguse, na kwamba Jumatatu nitampeleka hospitali Kitale apimwe damu na mkojo, na kwamba nitamnunulia mengine ya kula mpaka mavuno. Nilizungumza haraka, kama ninavyozungumza mikutanoni. Aliniacha nimalize.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini, baba?"

"Hiyo vumbi. Ikikaa na mahindi miezi ine, ni mbaya, mahindi inatupwa. Si ndiyo unaniambia?"

"Ndiyo."

"Wewe ndio unashinda ndani yake. Unapumua. Umekaa nayo miaka ngapi?"

Nikataka kumweleza kwamba tuna barakoa, kwamba makaa ya mawe yamekuja juzijuzi tu, kwamba miaka ya nyuma lilikuwa la kuni. Majibu yote nilikuwa nayo.

"Kumi na mmoja," nikasema.

"Na huko kwote, hakuna mtu amewahi kukuuliza kama kifua yako iko sawa, mama?"

Nikamwambia hakuna. Kisha nikalia, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, kwa sauti, mbele ya mahindi ambayo bado hatukuwa tunajua tutayapeleka wapi.